Kupanga Chumba cha Usiku: Somo kutoka Katesh, Mbulu na Haydom

Kupanga chumba katika nyumba ya kulala wageni ni mkataba, ijapokuwa watu wengi huufunga pasipo kuutambua hivyo. Hakuna hati inayosomwa wala shahidi anayeitwa. Mgeni huuliza bei, hulipa, huandika jina lake daftarini na kupewa ufunguo. Kwa maneno hayo machache pande mbili zimekwisha kujifunga, na mgogoro ukitokea ndiyo yatakayotafutwa: kilisemwa nini, na nani, kabla fedha hazijabadili mikono.

Somo hili limechukua mifano yake katika wilaya za Hanang na Mbulu, mkoani Manyara, kwa kuwa wageni wake wana haja zisizofanana. Katesh hupokea wapandaji wa Mlima Hanang, wenye kimo cha mita 3,420 hivi, pamoja na watu wa mnada na abiria wa barabara ya Babati na Singida waliokutwa na usiku njiani. Mbulu mjini hufikiwa na watumishi walio safarini na wanunuzi wa vitunguu saumu. Haydom ni habari nyingine kabisa. Hospitali ya Kilutheri iliyoanzishwa hapo mwaka 1955 huwavuta wagonjwa kutoka mbali, na kila mgonjwa huja na ndugu wa kumwuguza, ambaye naye lazima apate pa kulala. Mtalii akikosea chumba hupoteza usiku mmoja. Ndugu wa mgonjwa akikosea anaweza kupoteza fedha ya dawa.

Chumba kinachouzwa ni kipi?

Mapokezi yana lugha yake. "Singo" katika nyumba nyingi za nchi yetu si chumba cha mtu mmoja. Ni chumba chenye kitanda kimoja, ambacho watu wawili huweza kukilalia. "Dabo" huwa ni chumba chenye vitanda viwili. Nyumba nyingine hufuata maana ya hoteli kubwa, yaani hesabu ya watu, na hapo wanandoa waliokubaliana bei ya singo kwa simu hudaiwa nyongeza wakifika. "Selfu" ni chumba chenye choo na bafu ndani, lakini neno hilo halisemi kama maji hutoka bombani au huchotwa kwenye pipa, wala kama maji moto yapo. Mbulu iko nyanda za juu, na baridi yake ya Juni na Julai haina mzaha. Kuuliza maji moto huko si kudai anasa.

Kwa hiyo usiulize jina la chumba. Uliza vitu: vitanda vingapi, watu wangapi wanaruhusiwa kwa bei hiyo, choo kiko wapi, maji moto hupatikana saa ngapi na kwa njia gani. Jibu utakalopewa ni ahadi. Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, ambayo pia ndiyo inayomlinda mlaji, inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara na inataka huduma itolewe kwa uangalifu na ustadi unaostahili. Aliyekuambia kuna maji moto ili ukubali bei, huku akijua hita imeharibika, amevuka mpaka wa sheria, hata kama hakuandika neno lolote.

Kisha omba kukiona chumba kabla ya kulipa. Mwenye nyumba mwungwana hatakwazika. Fungua bomba, washa taa, tazama chandarua kama kina matundu, jaribu kitasa na komeo la ndani. Inua shuka. Picha za simu hazitoshi kwa kazi hii, na jambo hili si la Manyara pekee. Uholanzi, katika miji ya mifereji, nyumba za kale zinazopokea wageni hupendeza sana kwa nje, lakini kwa kuwa zilijengwa katika viwanja vyembamba, ngazi zake nyingi ni finyu na zenye mwinuko mkali. Mzee mwenye maumivu ya magoti huligundua hilo mzigo ukiwa mkononi na malipo yamekwisha kufanyika. Picha ilikuwa ya kweli, ila haikuonyesha ngazi.

Usiku upi?

Hapa Kiswahili chenyewe huleta mtego. Kwa hesabu ya wazee siku huanza jua linapotua, hivyo "usiku wa Jumapili" kwa baadhi ya watu ni ule wa kuamkia Jumapili, na kwa wengine ni ule unaofuata mchana wa Jumapili. Aliyepanga chumba kwa simu kutoka Singida anaweza kufika na kuambiwa chumba chake kilikuwa jana. Taja tarehe mbili, ya kuingia na ya kutoka, na ueleze kama basi lako litafika baada ya saa sita usiku. Saa ya kuondoka nayo iulizwe. Nyingi husema saa 4 asubuhi, na kupita hapo huweza kuhesabiwa siku ya pili. Mgeni aliyeingia saa 9 usiku na kutakiwa atoke saa 4 asubuhi hajadhulumiwa ikiwa aliambiwa mapema. Asipoambiwa, ana hoja.

Bei na risiti

Serikali haipangi bei ya chumba. Siku ya mnada vyumba vya Katesh huadimika na bei zaweza kupanda. Hilo ni soko. Lisilokubalika ni kubadili bei iliyokwisha kukubaliwa, au kuongeza jioni gharama ambayo haikutajwa asubuhi. Uliza kama chai ya asubuhi imo, na kama bei inajumuisha ushuru wote. Nchi nyingine huutoza mgeni waziwazi: Amsterdam, tangu mwaka 2024, hodhi ya mji ni asilimia 12.5 ya bei ya malazi, nayo huwashangaza wengi waliosoma bei ya awali tu. Hapa kwetu, mfanyabiashara asiyesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani haruhusiwi kuitoza, kwa hiyo ukitajiwa VAT juu ya bei, una haki ya kuiona katika risiti.

Tangu Machi 2025 kanuni za nchi zinakataza bei za bidhaa na huduma za ndani kutangazwa kwa fedha za kigeni. Anayekutajia malazi ya Katesh kwa dola kwa sababu tu umebeba mkoba wa mlimani, mwombe shilingi. Wapandaji waulize pia kama bei waliyopewa ni ya chumba peke yake, maana kibali cha kuingia katika hifadhi ya mlima, iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, ni malipo mengine, na mwongozaji wa njia ya Jorodom ni malipo mengine tena. Mtu mmoja akikupa bei moja ya yote, akuandikie mchanganuo.

Dai risiti ya mashine ya EFD. Watu hudhani faida yake ni ya Serikali tu. Kwa mlaji, risiti ndiyo inayoonyesha tarehe, kiasi na jina la biashara, na bila hivyo malalamiko hubaki maneno ya mtu dhidi ya mtu.

Ukitakiwa kutuma kishika nafasi kwa simu, tazama jina linalotokea kabla ya kuthibitisha muamala. Namba ya malipo ya biashara huonyesha jina la biashara. Likitokea jina la mtu usiyemjua, simama kwanza, piga simu na uulize. Tuma sehemu ndogo ya bei, wala si yote, kisha uandike ujumbe mfupi unaotaja tarehe, aina ya chumba, bei na kiasi ulichotuma, ukiomba ujibiwe. Jibu la "sawa" kwenye simu ni ushahidi. Ujumbe wa kitapeli unaokutaka utume fedha kwa namba nyingine, pelekwe namba 15040.

Anayeuguza

Tulitazame jambo la Haydom kwa mfano wa kubuni, kwa kuwa ndipo fedha nyingi hupotea kimyakimya. Mama mmoja amemleta mwanawe hospitalini. Hajui atakaa siku ngapi. Bei ya chumba ni Sh 20,000 kwa usiku, na mwenye nyumba anamwambia akilipa siku saba kwa mkupuo atatozwa Sh 120,000 badala ya 140,000. Analipa. Siku ya nne mtoto anaruhusiwa kurudi nyumbani. Je, mama anadai nini?

Wengi hujibu haraka kwamba anadai siku tatu, yaani Sh 60,000. Si sahihi, kwa sababu hakulipa Sh 20,000 kwa kila usiku. Alipewa nafuu ya wiki, na wiki haikutimia. Hesabu iliyo ya haki kwa pande zote ni kumtoza siku nne kwa bei ya kawaida, Sh 80,000, na kumrejeshea Sh 40,000. Lakini hata hizo hazijihakikishi zenyewe. Ikiwa hawakuzungumza lolote kuhusu kuondoka mapema, mwenye nyumba anaweza kusema alikizuia chumba kwa siku saba na wageni wengine akawafukuza, na hoja hiyo ina uzito wake.

Ndiyo maana mtu asiyejua siku zake ni heri alipe siku kwa siku, hata akikosa nafuu. Akiipenda nafuu, amwombe mwenye nyumba aandike nyuma ya risiti: "Mgeni akiondoka mapema na kutoa taarifa kabla ya saa 4 asubuhi, atatozwa siku alizolala kwa bei ya kawaida na kurejeshewa zilizosalia." Sentensi hiyo moja, ikiwa na saini na tarehe, inatosha. Uliza pia kama ndugu wa pili akija kupokezana atalipishwa, na kama unaruhusiwa kupika uji wa mgonjwa uani. Masuala haya yanaonekana madogo mpaka siku ya tatu.

Usalama wa anayelala

Usikubali jiko la mkaa chumbani, na usiliombe. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlevya mtu usingizini na kumwua. Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kutegemea. Ukihisi kichwa kinauma, kizunguzungu au kichefuchefu karibu na jiko, toka nje mara moja na uwatoe wenzako. Baridi ya Mbulu dawa yake ni blanketi la pili, na mgeni anayo haki ya kuliomba.

Maji ya kunywa yana suala lake. Sehemu nyingi za Bonde la Ufa, Manyara ikiwamo, zina maji yenye floraidi nyingi, ambayo huwatia watoto madoa ya kahawia menoni. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi. Mgeni wa usiku mmoja hana sababu ya hofu. Anayekaa majuma mengi na mtoto mdogo aulize maji ya nyumba yanatoka wapi.

Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023, maporomoko ya tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliingia Katesh na vijiji jirani, na zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Msimu wa mvua, uliza kama nyumba ipo kandokando ya korongo. Kabla ya kulala, tazama mlango wa pili uko wapi na kama unafunguka usiku au umefungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake amelala nao mlinzi. Namba ya dharura ya polisi ni 112, na ya Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Utakuta ukutani bango lisemalo uongozi hauhusiki na upotevu wa mali. Bango hilo ni onyo la busara kwako, wala si kinga kamili kwa mwenye nyumba. Akikupa chumba ambacho kitasa chake kilikwisha kuvunjwa, hajatoa huduma kwa uangalifu. Fedha nyingi ikabidhi ofisini kwa maandishi. Na unapoandika jina na namba ya kitambulisho chako, kumbuka kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, inamtaka anayezikusanya azitunze. Daftari lisiachwe wazi mezani ili kila apitaye asome nani kalala na nani.

Pa kupeleka lalamiko

Anza kwa mwenye nyumba, na si kwa mhudumu wa zamu, ambaye mara nyingi hana mamlaka ya kurudisha hata shilingi. Mweleze usiku huohuo. Lalamiko la maji linalotolewa baada ya siku tatu hupoteza nguvu. Asiposikia, nenda kwa afisa biashara wa halmashauri, na hapa angalia usipotee njia: Mbulu ina halmashauri mbili. Nyumba iliyo mjini Mbulu iko chini ya Halmashauri ya Mji. Iliyo Haydom iko chini ya Halmashauri ya Wilaya. Ya Katesh ni ya Halmashauri ya Wilaya ya Hanang. Uchafu, kunguni na vyoo vibovu ni vya afisa afya. Wizi ni wa polisi, na usiondoke kituoni bila namba ya taarifa yako. Udanganyifu katika bei au matangazo hupokelewa na Tume ya Ushindani, na dai la fedha lililoshindikana kwa mazungumzo laweza kufikishwa Mahakama ya Mwanzo.

Barua ya lalamiko isizidi ukurasa mmoja. Itaje jina la nyumba na mahali ilipo, tarehe ya kuingia na kutoka, ulichoahidiwa, ulichokikuta, uliyemweleza na jibu alilokupa, kisha kiasi unachodai na jinsi ulivyokipata. Ambatisha nakala ya risiti na ya ujumbe wa simu. Nakala halisi baki nazo wewe.