Injini ya lori ikinoki mara ya pili, tafuta chanzo kabla ya kununua spea

Kwa mfanyabiashara wa mazao wa Mabwerebwere au kijiji kingine chochote cha Wilaya ya Kilosa, bei ya mahindi katika masoko ya Tandale na Manzese jijini Dar es Salaam ni nusu tu ya hesabu. Nusu ya pili ni lori. Wakati wa mavuno kila mwenye mzigo hutafuta usafiri wiki ile ile, na lori lililo juu ya mawe katika gereji ya Kilosa mjini au Mikumi halimwingizii mwenyewe hata senti tano.

Somo la wiki hii linahusu hasara ambayo wenye malori wengi huiita mkosi: injini ya dizeli inaharibika upande wa oili, inatengenezwa, halafu baada ya muda mfupi inaharibika tena kwa namna ile ile. Somo linawahusu pia wanaofikiria kuweka akiba zao katika lori lililotumika.

HESABU YA HASARA

Tuchukue mfano. Lori la tani 7 hubeba magunia 70 ya kilo 100. Tuseme nauli ni Sh. 5,000 kwa gunia. Safari moja inaleta Sh. 350,000. Tukitoa dizeli, posho ya dereva na utingo, ushuru na matairi, tuseme zinabaki Sh. 150,000. Kwa safari 3 kwa wiki, lori likikaa gereji wiki 2 limepoteza Sh. 900,000 kabla ya kununuliwa spea hata moja. Likirudi gereji mara ya pili msimu huo huo, hasara ya kusimama inafika Sh. 1,800,000, na bado kuna kuchonga krenki, beringi, gasketi, oili mpya na gharama za ufundi.

Namba hizi ni za mfano. Kila mmoja aweke zake. Lakini matengenezo ya kwanza hula faida, na ya pili hula mtaji.

KILICHOHARIBIKA SI LAZIMA KIWE CHANZO

Oili husafiri katika mzunguko. Pampu huinyonya kutoka kwenye sampu kupitia chujio la waya, huisukuma kwenye kipoza oili na filta, kisha huipeleka kwenye beringi za krenki, kamshafti na, kama ipo, tabochaja. Ubovu sehemu moja ya mzunguko huonekana sehemu nyingine. Beringi zikisagika, mtu hununua beringi. Sili ikivuja, hununua sili. Taa ya oili ikiwaka, hununua pampu. Kama hakuna aliyeuliza kwa nini kifaa hicho kilikufa, kipya kitafuata njia ya kile cha zamani.

Kwa hiyo uchunguzi uanze na mambo ya bei nafuu, uende taratibu kwenye ya bei kubwa.

1. Kijiti cha oili. Pima asubuhi, lori likiwa mahali tambarare. Oili ikipungua bila kuvuja, inaungua; angalia moshi wa bluu. Oili ikiongezeka, usifurahi: kuna kitu kinaingia. Ikinuka dizeli na kuwa nyepesi kama maji, chunguza nozeli na sili za pampu za dizeli. Ikiwa nyeupe kama maziwa, kuna maji. Chunguza kipoza oili, gasketi ya silinda hedi na rejeta. Oili iliyochanganyika na dizeli au maji haiwezi kulinda beringi, hata kama pampu ni mpya.

2. Presha ya kweli. Geji ya kwenye dashibodi inaweza kudanganya, na taa pia. Mwambie fundi afungue sensa ya oili kwenye injini na kufunga geji ya mkono mahali pake. Apime injini ikiwa baridi, kisha ikiwa imechemka baada ya kazi, katika mzunguko wa chini na wa juu. Kitabu cha mtengenezaji ndicho chenye kauli ya mwisho, lakini mafundi wengi huanza na kanuni ya paundi 10 hivi kwa kila mizunguko 1,000. Presha ikiwa nzuri kwenye baridi na kuanguka kwenye joto, shuku oili nyepesi au beringi zilizolika. Ikiwa chini wakati wote, shuku pampu, valvu ya kupunguzia presha iliyokwama, au chujio la kunyonyea lililoziba. Chujio hilo mara nyingi huzibwa na gundi ya gasketi iliyopakwa kwa wingi kwenye matengenezo yaliyopita.

3. Filta ya zamani. Usiitupe. Ikatwe kwa kisu au mkasi wa bati, si kwa grainda, kwa sababu grainda huongeza vumbi lake la chuma. Tandaza karatasi yake juani, kisha pitisha sumaku. Chembe zinazonaswa ni chuma: ringi, silinda, gia au krenki. Chembe zisizonaswa, za rangi ya shaba au kijivu king'avu, kwa kawaida hutoka kwenye beringi. Kazi hii haigharimu kitu na inaweza kukuonya kabla injini haijanoki.

4. Tundu la kupumulia la injini. Sili zikivuja kila mara ingawa ni mpya, fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiunguruma. Moshi ukitoka kwa nguvu, hewa ya mwako inapita kwenye ringi na kujaa chini ya injini, au bomba la kupumulia limeziba. Presha hiyo ndiyo inayosukuma oili nje ya sili. Kwa barabara za vumbi za Kilosa wakati wa kiangazi, rudi nyuma hatua moja zaidi: kagua filta ya hewa na mabomba yake. Mpira uliopasuka huingiza vumbi, vumbi linasaga ringi, ringi zinapitisha hewa, na sili zinavuja. Mtu anaweza kununua sili nne wakati ubovu uko kwenye mpira mmoja.

5. Beringi zilizotoka. Zidai zote, zipangwe kwa namba ya silinda. Zikiwa zimelika zote kwa usawa, tatizo ni la mzunguko mzima: oili chafu, oili nyepesi au presha ndogo. Ikiwa moja tu imekufa na nyingine ni nzima, tatizo ni la mahali pale: njia ya oili imeziba, au beringi ilifungwa vibaya. Bila beringi hizi mkononi, maelezo ya fundi yanabaki kuwa makisio.

KWA NINI OVAHOLI HUFA MAPEMA

Sababu ya kwanza ni uchafu uliobaki. Injini inaponoki, chembe za chuma huingia kwenye kipoza oili, njia za ndani za krenki na bloku, na tabochaja. Kuosha sampu peke yake hakutoshi. Vizibo vya njia za oili vifunguliwe, njia zisafishwe, na kipoza oili kisafishwe kabisa au kibadilishwe.

Sababu ya pili ni vipimo. Krenki ikichongwa kwa milimita 0.25 lazima ipate beringi za 0.25, ikichongwa 0.50, beringi za 0.50. Ikifungiwa za kawaida, nafasi inakuwa kubwa na presha inakuwa ndogo tangu siku ya kwanza.

Sababu ya tatu ni oili na filta. Katika maandishi 15W-40, namba yenye W inahusu baridi na ya pili inahusu unene injini ikiwa na joto. Herufi za API zinazoanza na C, kama CH-4 au CI-4, ni za dizeli. Nunua chombo kilichofungwa, kwa duka linalotoa risiti. Oili ya kupimiwa kwenye dumu haina jina wala mdhamini.

Sababu ya nne ni kuwasha kwa haraka. Injini iliyofunguliwa izungushwe kwa stata dizeli ikiwa imefungwa, hadi presha ionekane, ndipo iwashwe.

MAPATANO NA FUNDI

Kabla ya kulipa malipo ya awali, andikianeni mambo manne: chanzo cha ubovu ni nini na kimethibitishwaje, vipimo vya krenki na beringi, presha ya oili kwenye baridi na joto baada ya kazi, na spea zote za zamani kurudishwa kwa mwenye lori. Fundi mwaminifu hatakasirika, kwa kuwa maandishi hayo yanamlinda hata yeye dereva anapoendesha taa ikiwaka. Dereva naye apewe amri moja: taa ya oili ikiwaka, zima injini hapo hapo, hata kama Mikumi inaonekana kwa macho.

KWA ANAYENUNUA LORI LILILOTUMIKA

Usikague injini baridi. Omba lifanye safari yenye mzigo, kisha pima presha likiwa na joto, fungua kifuniko cha oili na uliza filta ya mwisho ilibadilishwa lini. Oili mpya inayong'aa kwenye injini ya zamani si sifa. Huenda imewekwa jana kuficha ushahidi. Muuzaji akikataa kipimo cha nusu saa, hiyo ni bei pia: ipunguze kwa gharama ya ovaholi nzima, au tafuta lori jingine.