Vinywaji vya THC: Serikali yapima miligramu, Uislamu wapima nini?

Tangu mwaka 2022, katika maduka ya baadhi ya majimbo ya Marekani, vimeenea vinywaji vya makopo vinavyofanana kabisa na soda. Vina ladha ya ndimu, embe na matunda mengine, na mara nyingi kopo huandikwa wazi kuwa kinywaji hakina pombe. Maneno hayo ni ya kweli. Lakini kutokuwa na pombe si kutokuwa na kilevi. Ndani ya kopo mna THC, ile kemikali ya bangi inayomlevya mvutaji.

Somo hili linawahusu kwanza ndugu zetu wanaoishi huko, wakiwemo Waswahili waliotoka Tanzania, Kenya na Kongo. Linatuhusu na sisi tulio nyumbani, kwa kuwa ndugu hao ni watoto wetu.

Mlango ulifunguliwa vipi?

Mwezi Desemba 2018 Rais Donald Trump alitia saini sheria ya kilimo iliyohalalisha kilimo cha hempu. Hempu na bangi ni mmea wa jamii moja. Sheria ilizitenganisha kwa kipimo: mmea wenye THC ya delta-9 isiyozidi asilimia 0.3 ya uzito wake mkavu ni hempu, unaozidi hapo ni bangi.

Kipimo hicho kiliwekwa kwa mmea wa shambani. Wafanyabiashara wakakichukua na kukipeleka kwenye kinywaji. Tupige hesabu. Kopo la kawaida la mililita 355 lina uzito wa karibu gramu 355. Ukitia humo miligramu 10 za THC, kiasi kinachotosha kumbadilisha mtu akili, utapata karibu asilimia 0.003 tu. Hiyo ni karibu mara mia moja chini ya kikomo. Ndivyo kilevi kilivyopita katika tundu la asilimia.

Kila jimbo na lake

Serikali kuu ilipoacha tundu hilo, kila jimbo likatunga utaratibu wake. Minnesota iliruhusu vinywaji hivyo kuanzia Julai 1, 2022, miligramu 5 kwa kipimo kimoja cha kunywa, kwa mnunuzi aliyetimiza miaka 21. Mwanzoni hata leseni maalumu haikuhitajika.

California ilielekea upande mwingine. Septemba 2024 ilipiga marufuku vyakula na vinywaji vya hempu vyenye THC yoyote inayoweza kupimwa. Texas ilivutana yenyewe kwa yenyewe: bunge lake lilipitisha marufuku mwaka 2025, Gavana Greg Abbott akaikataa Juni 22, kisha Septemba mwaka huo huo akaamuru wauzaji wakague vitambulisho na wasimuuzie aliye chini ya miaka 21. Tennessee, kwa sheria iliyoanza Januari 1, 2026, iliukabidhi usimamizi wa bidhaa hizi kwa tume yake ya vileo.

Hapa pana mazingatio. Majimbo yaliyoruhusu hayakuvichukulia vinywaji hivi kama soda. Yaliweka umri ule ule wa kununulia pombe, na mengine yakavikabidhi kwa wasimamizi wale wale wa pombe. Ikiwa serikali isiyofuata dini imevitambua kuwa ni ndugu wa pombe, Muislamu atavionaje kuwa ni juisi?

Hukumu ya Uislamu

Qur'an imekataza ulevi katika Surat al-Maida, aya ya 90. Mtume (s.a.w.) akafundisha kwamba kila kinacholevya kinaingia katika hukumu ya pombe, na kwamba kinacholevya kikiwa kingi, kichache chake pia ni haramu. Hapo kinachoangaliwa ni athari yake kwenye akili. Kimetokana na zabibu, tende au jani, hukumu haibadiliki.

Suala la jani si geni kwa wanazuoni. Ibn Taymiyya aliihesabu hashishi, itokanayo na mmea huu huu, kuwa ni kilevi. Az-Zarkashi, aliyefariki mwaka 1392, aliiandikia risala nzima ya kuiharamisha. Al-Qarafi wa madhehebu ya Maliki aliitenga na pombe katika baadhi ya hukumu, kama vile adhabu, lakini hakumhalalishia mtu kuitumia hadi iharibu akili yake. Na THC hii imetiwa ndani ya kopo kwa makusudi, ili mnywaji apate athari hiyo.

Mambo matatu ya kuzingatia

Kwanza, kazi. Madereva wa malori na mabasi nchini Marekani hupimwa mkojo kwa amri ya idara ya uchukuzi, na bangi imo katika orodha. Kipimo hakitofautishi THC ya hempu na ya bangi. Kopo moja la jioni laweza kumwondolea baba riziki ya watoto.

Pili, makaratasi ya uhamiaji. Aprili 2019 idara ya uraia na uhamiaji ya Marekani ilitoa mwongozo kwamba kujihusisha na bangi kunaweza kumkosesha mtu uraia, hata kama jimbo lake limeiruhusu. Na Novemba 12, 2025, Rais Trump alitia saini sheria inayopunguza kikomo cha bidhaa za hempu hadi miligramu 0.4 za THC kwa chombo kizima, ianze kutumika baada ya mwaka mmoja. Maana yake ni kwamba kopo la miligramu 5 lililouzwa kama hempu linarudi kuhesabiwa bangi mbele ya serikali kuu. Mgeni asiye na uraia asicheze na jambo hili.

Tatu, biashara na ajira. Katika pombe, Mtume (s.a.w.) hakumlaani mnywaji peke yake. Alimtaja pia muuzaji na mbebaji. Mwenye duka asijitetee kwamba leseni anayo. Na anayetafuta kazi aulize mapema kitu atakachouza au kubeba. Mwaka 2007, uwanja wa ndege wa Minneapolis-St. Paul uliwawekea adhabu madereva wa teksi, wengi wao Wasomali, waliokataa abiria wenye pombe: kusimamishwa siku 30 kwa kosa la kwanza na kufutiwa kibali miaka miwili kwa la pili. Ni vyema kujua masharti kabla ya kushika usukani.

Ndugu Waislamu, tazameni jinsi mizani ya sheria ilivyoyumba: asilimia 0.3 mwaka 2018, miligramu 5 mwaka 2022, miligramu 0.4 mwaka 2025. Kopo ni lile lile na akili ya mwanadamu ni ile ile. Basi wazazi wawafundishe vijana kusoma kopo lote. Wakishaona halina pombe, waendelee kutafuta herufi tatu, THC. Wakiziona, walirudishe rafuni.

Wabillahi tawfiq.