Kinini: Dawa Iliyotoka Gandani

Mama akitoka kituo cha afya na mtoto mwenye homa, jirani humwuliza: "Mama, wamekupa kinini?" Pengine alichopewa ni dawa ya minyoo, au ya kichwa. Haidhuru. Huku kwetu Fizi kidonge chochote kimerithi jina la dawa moja ya zamani ya maleria, kwinini, na kwinini ilitoka katika ganda la mti.

Mti huo, sinkona, asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Wakati wa Wabelgiji ulipandwa katika milima ya Kivu, kwa kuwa unapenda baridi na mvua, wala si joto la huku kandoni mwa ziwa Tanganyika. Mjini Bukavu, kiwanda cha Pharmakina kikaja kutengeneza kwinini kutokana na ganda hilo.

Ganda lake ni chungu sana. Lakini mti hauugui maleria. Sasa uchungu huo ni wa nini? Jibu liko katika mashamba yetu ya Fizi. Panya na nyani wakivamia, muhogo hauwezi kukimbia. Basi muhogo mchungu umejiwekea sumu mwilini: ukitafunwa au ukikwanguliwa, vitu viwili vilivyokuwa vimetengana ndani yake hukutana, ikatoka sayanidi. Ndiyo maana mama zetu huuloweka siku kadhaa, kisha huuanika, ndipo wautwange kuwa unga wa bugali. Mmea hautengenezi dawa kwa ajili yetu. Unajilinda, na silaha yake ikimfikia mdudu wa ugonjwa kabla haijamdhuru mgonjwa, sisi tunaiita dawa.

Wala si sisi tu tunaoitumia. Ng'ambo ya ziwa hilihili, kusini ya Kigoma, iko milima ya Mahale. Mwaka 1987 mtafiti Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyeijua miti ya dawa, walimfuata sokwe jike aitwaye Chausiku. Alikuwa mgonjwa, mnyonge. Alivunja tawi changa la mti mchungu ambao Watongwe huuita mjonso, akalimenya, akaacha majani na ganda, akatafuna kiini chake laini na kufyonza maji, makapi akayatema. Mohamedi aliutambua mara moja: kwao nao ni dawa. Kesho yake mchana Chausiku alikuwa amepata nguvu. Baadaye maabara ilionyesha kwamba majani na ganda alivyoviacha vina sumu kali kuliko kile kiini. Mimi hilo la kuacha ndilo linalonishangaza zaidi.

Wanadamu walikunywa ganda la sinkona kwa karibu miaka 200 bila kujua kilichomo. Tabu ilikuwa kipimo. Ganda la mti mmoja lina kwinini nyingi, la mwingine kidogo, kutegemea aina, umri na udongo. Watu wawili wakichemsha konzi moja moja, mmoja atapona, mwingine homa itamrudia. Na anayezidisha masikio humvuma, moyo nao huweza kwenda mrama. Mwaka 1820, mjini Paris, Pelletier na Caventou walifaulu kuitenga kwinini na vitu vingine vya ganda. Tangu hapo iliwezekana kuitia kwenye mizani.

Ndani ya damu, kimelea cha maleria hula kile kitu chekundu kinachobeba hewa, na makombo yenye chuma yanayobaki ni sumu kwake mwenyewe. Huyageuza kuwa chembe ngumu zisizomdhuru. Wanasayansi wengi wanaona kwamba kwinini huzuia kazi hiyo, kimelea akafa kwa takataka zake.

Leo dawa ya kwanza ya maleria inatokana na mmea mwingine, ambamo Tu Youyou na wenzake nchini China walipata atemisinini mwaka 1972. Jina limebaki kinini. Vidonge vingi vina mstari katikati, ambapo muuguzi hukivunja kimoja, nusu ampe mtoto, nusu airudishe kwenye bahasha.