SOMO: Madaraja ya Dawa Zinazodhibitiwa

Mwanachama aliyezoea kupeleka pamba au kahawa ghalani hujua kwamba daraja la kwanza ndilo bora. Katika sheria ya Marekani ya mwaka 1970 kuhusu dawa zinazodhibitiwa, daraja la kwanza ndilo lenye makatazo makali kuliko yote.

Sheria hiyo hutazama mambo matatu: dawa huelekea kutumiwa vibaya kwa kiasi gani, ina kazi inayokubaliwa katika matibabu, na humtia mtumiaji uraibu kiasi gani. Kwa vipimo hivyo dawa hupangwa katika madaraja 5.

Daraja la 1 lina heroini, isiyokubaliwa kutibu. La 2 lina mofini. Ikiisha, mgonjwa sharti apewe cheti kipya cha daktari. La 3 lina ketamini, na la 4 diazepamu. Vyeti vyake vyaweza kurudiwa mara 5 tu katika miezi 6. La 5 lina dawa za kikohozi zenye kodeini kidogo.

Daraja si la milele. Tramadoli, iliyoruhusiwa nchini humo mwaka 1995, iliingizwa daraja la 4 mwaka 2014, madhara yake yalipodhihirika.

Ieleweke kwamba kudhibiti si kupiga marufuku. Mofini iwezayo kumtia mtu utumwani ndiyo pia imtulizayo mgonjwa wa saratani. Kila nchi ina orodha yake, lakini funzo ni moja: kidonge alichoandikiwa mtu kisigawiwe jirani, hata kwa huruma. Daktari alimpima mmoja, hakupima kijiji.