Kabla ya Kuchimba Kisima, Pima Mto wa Kiangazi

Katika kidakio cha Kikuletwa, ambako maji ya Mlima Meru na ya miteremko ya Kilimanjaro hukutana kuelekea Bwawa la Nyumba ya Mungu, kila kikao cha mradi wa maji huanza na swali hilohilo: tuchimbe wapi? Mimi huomba swali hilo lisubiri. Kwanza tujue mlima unatoa kiasi gani, maana kisima hakiongezi maji, kinayatoa tu.

Septemba ndio mwezi wangu wa kazi. Masika imeshasahaulika, vuli haijaanza, na karibu kila tone lililomo mtoni limetoka kwenye chemchemi. Kwa hiyo ukipima mto, umepima maji ya ardhini, tena bila mtambo wa gharama. Tafuta sehemu iliyonyooka ya mita 10 hivi. Pima upana, kisha kina kila baada ya nusu mita. Tupa chungwa juu kidogo ya alama ya kwanza, uhesabu sekunde hadi lifike ya pili. Chungwa huzama karibu lote, hivyo upepo haulisukumi kama kijiti. Gawanya umbali kwa sekunde hizo upate kasi. Kasi hiyo izidishe kwa 0.85, kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko yanayoburuzika chini, halafu uzidishe kwa eneo la mkato wa mto.

Kisha panda ukapime mifereji. Wameru na Wachagga wamechepusha maji huko juu kwa vizazi na vizazi, na kiangazi ndipo migomba huyahitaji zaidi. Usipoihesabu, ripoti yako itasema mlima umekauka wakati maji yamo shambani. Jambo jingine wahandisi hawapendi kulisikia: sehemu ya maji yanayovuja mferejini hunywea ardhini na huweza kuibuka kwenye chemchemi za chini. Ukiusakafia wote kwa saruji, huenda unamkausha jirani wa bondeni.

Hesabu yenyewe si ngumu. Milimita 1 ya maji juu ya kilomita 1 ya mraba ni mita za ujazo 1,000. Tuseme mto na mifereji kwa pamoja vinatoa lita 100 kwa sekunde mwaka mzima, kutoka kilomita za mraba 50: hiyo ni kama milimita 63 kwa mwaka. Linganisha na mvua, uone kama inaingia akilini. Ila kumbuka miamba ya volkano ina nyufa, na maji ya chini hayafuati mipaka ya vilima tunayoiona juu.

Visima vilivyopo navyo vina habari. Msalimie mama anayeuza maji pale kioski, muulize pampu imezimwa saa ngapi, ndipo uteremshe utepe wa kupimia, ule unaolia ukigusa maji. Ukilia kwenye mita 31, ngoja dakika kumi, uteremshe tena. Ukilia kwenye 30 na nusu, maji bado yanapanda na namba yako ya kwanza haifai kitu. Mama huyohuyo atakuambia mwezi gani pampu huanza kutema hewa, habari ambayo sijawahi kuikuta kwenye faili.

Halafu kuna ubora, na kwenye Meru hapa ndipo mradi hufia. Miamba ya mlima huu huyapa maji floridi nyingi, hasa yakiwa na sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo. Kiwango cha mwisho cha kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita, na kuna vyanzo vinavyopita 10. Kuchemsha hakusaidii, kunazidisha tu. Angalia meno ya watoto waliozaliwa na kukulia hapo: kama ni ya kahawia, unayo dalili kabla ya maabara. Mkaa wa mifupa huchuja floridi, lakini lazima ubadilishwe, na kamati nyingi za maji huchoka mapema. Mimi nikipata chemchemi ya msituni yenye floridi kidogo, napendelea kuvuta bomba refu kuliko kuchimba karibu.

Mkiamua kuchimba, ombeni kwanza kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Pangani. Pampu ya majaribio iendeshwe mfululizo saa 24, na sampuli ya floridi ichukuliwe mwishoni, si mwanzoni, kabla hamjanunua hata bomba moja.