Somo Halikai Kwenye Karatasi: Vidokezo kwa Walimu wa Songea

Mwalimu mwenzangu, andalio la somo uliloandika jana usiku halijui leo mvua itanyesha saa ngapi, wala nani amekuja bila kunywa uji. Wewe ndiye utakayeligeuza hapo hapo.

1. Leta lumbesa darasani. Gunia la kawaida ni debe sita. Mnunuzi analijaza hadi debe saba, analishona kilemba juu, kisha analipa bei ya gunia moja. Mkulima amepoteza nini? Niliuliza hivyo darasa la sita. Mvulana wa dawati la mwisho, asiyenyoosha mkono hata siku moja, akasimama: "Ukiuza sita, mwalimu, la saba umempa bure." Asilimia tulizohangaika nazo wiki nzima zikaeleweka asubuhi ile.

2. Mvua ikipiga bati, nyamaza. Utakauka koo bure. Waandikiane maswali wawili wawili, wajibizane kwa kalamu. Chupa ya plastiki iliyokatwa shingo ikiwekwa uwanjani itakusanya maji. Mvua ikikatika, wayapime kwa rula.

3. Historia iulizwe nyumbani. Makumbusho ya Majimaji yako hapa hapa mjini, na mashujaa wa Vita vya Majimaji walionyongwa Februari 27, 1906, akiwemo Nkosi Mputa Gama, wameacha majina ambayo bado unayaita kwenye mahudhurio. Kila mtoto aulize jina la ukoo wake limetoka wapi. Watarudi na masimulizi yanayopingana. Usikimbilie kuamua lipi ni kweli. Waache wabishane kwanza.

4. Jibu lenye kosa usilifute upesi. Muulize mtoto alifikaje hapo.

5. Shamba la shule lisiwe adhabu. Miaka ya 1960, kijiji cha Litowa, Songea hii hii, kilikuwa na shule iliyofungamanisha masomo na kazi za kijiji, na Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, Litowa walikuwa tayari wanaiishi. Umoja wa vijiji ambao Litowa ilikuwa ndani yake ulivunjwa mwaka 1969. Leo shuleni kwingi jembe anapewa aliyechelewa namba. Hilo linaniuma, kwa sababu kwenye tuta moja la mahindi kuna eneo, mzingo, mbolea na bei ya sokoni.

Kesho asubuhi, kabla hujashika chaki, waulize watoto jana jioni walifanya kazi gani nyumbani. Anzia hapo.