TV Yetu ya Chumbani na Ramani Yangu Iliyovimba

Wiki tano kabla ya kukabidhi ripoti ya mwaka wa mwisho nilikalia kompyuta yangu mpakato. Ilikuwa kitandani chini ya shuka, mimi nimetoka kwenye kipindi nimechoka, nikajitupa. Kioo kikapasuka, nusu ya kushoto ikawa wino mtupu. Fundi alitaka laki mbili na ishirini kubadilisha kioo, na bumu lilikuwa limeshakata kitambo.

Mwenzangu wa kitanda cha juu ndiye aliyeleta wazo. "Mwanangu, tuchange tununue TV. Wewe unapata monita, sisi tunapata pa kuchezea FIFA." Tulikuwa watatu chumbani. TV ya mtumba ya inchi 32 ikatoka kwa laki na themanini, elfu sitini kila kichwa. Hesabu ilikaa vizuri mno. Naandika haya kwa sababu naona vyumba vingi vya hosteli mwaka huu vinapiga hesabu hiyohiyo, na hakuna aliyenieleza mimi mambo ambayo yalikuja kunigharimu zaidi ya hiyo elfu sitini.

Kuunganisha si kazi. Waya wa HDMI unabeba picha na sauti pamoja, unachomeka huku na huku, unabonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, unachagua skrini ya pili. Basi. Tulipiga makofi. Halafu nikatafuta saa ya kompyuta kule pembeni chini, sikuiona. Ule mstari wa programu wa chini nao ulikuwa umekatwa nusu.

Hiyo ni tabia ya urithi. Zamani TV za kichogo zilikuwa zinakuza picha kidogo ili kingo zake zijifiche nyuma ya fremu, maana kingo hazikuwa safi. TV bapa zikaja, tabia ikabaki. Dawa yake iko kwenye rimoti, kwenye ukubwa wa picha: tafuta "Just Scan", "Screen Fit" au "Full Pixel", jina linategemea kampuni. Usihangaike kupunguza picha kutoka kwenye kompyuta, utaongeza ukungu juu ya ukungu.

Ukungu wenyewe ndio somo kubwa. Inchi 32 inasikika kubwa, lakini TV nyingi za ukubwa huo zina pikseli 1366 kwa 768 tu, sawa kabisa na mpakato mwingi wa bei nafuu wa inchi 15.6. Idadi ni ileile ila imetandazwa kwenye eneo pana zaidi. Kwenye mpakato inchi moja ina pikseli kama 100. Kwenye TV yetu inchi moja ina 49. Ukiikalia karibu kama unavyokalia daftari, unahesabu ngazi kwenye kila herufi. Tena kompyuta yangu ilikuwa inaituma picha ya 1920 kwa 1080, TV inaipokea kwa mbwembwe zote, halafu inaibana iingie kwenye pikseli zake chache. Herufi nyembamba zinakatika miguu. Nilipoishusha kompyuta hadi 1366 kwa 768 maandishi yalitulia. Kuna TV zinazokataa kipimo hicho kupitia HDMI. Jaribu kabla hujalipa.

Sasa ramani. Utafiti wangu ulikuwa kwenye Bonde la Msimbazi, kuonyesha viwanja vinavyoangukia kwenye eneo la mafuriko. Eneo la maji nililipaka bluu iliyokolea, mipaka ya viwanja nikaichora kwa mistari myembamba myekundu ya milimita 0.26, ndiyo ambayo QGIS inakupa yenyewe. Kwenye TV ile mistari haikuonekana. Ilikuwa kama kitu kilichofutwa kwa kidole chenye mate. Nikanenepesha kidogo, bado. Nikafika milimita 1, ikaonekana vizuri, nikafurahi, nikaenda steshenari kutoa nakala tatu za rangi za A3.

Dokta aliishika karatasi akaitazama kimya muda mrefu. "Hii ni mipaka ya viwanja," akasema, "au ni mabomba ya maji?" Ramani ilikuwa ya skeli ya 1:2,500. Mstari wa milimita 1 hapo ni mita mbili na nusu za ardhi. Vile viwanja vidogo vya bondeni, mita kumi kwa kumi na mbili, nilikuwa nimevimeza kwa mipaka yake yenyewe. Akaniuliza pia kama ninaelewa kwamba mtu anaweza kusoma ramani ile na kuamini nyumba yake imo kwenye maji wakati haimo. Sikuwa na jibu. Ningesemaje, kwamba ni TV?

Na kweli ilikuwa TV. Aliyenifungua macho ni yule mwenzetu wa tatu, yuko Uhandisi wa Umeme. Alinieleza hivi. Jicho la binadamu linakamata tofauti ya mwanga kuliko tofauti ya rangi. Kwa hiyo matangazo ya TV ya kidijitali, DVD, na filamu karibu zote zinahifadhi mwanga wa kila pikseli, ila rangi zinagawana: pikseli nne zinachangia rangi moja. Kwenye sura ya mtangazaji huwezi kugundua kitu. TV imezoea chakula hicho, na nyingi zinaibana hata picha ya kompyuta kwa namna hiyohiyo. Maandishi meusi kwenye karatasi nyeupe yanapona, kwa sababu yanatofautiana kwa mwanga. Nyekundu juu ya bluu iliyokolea zinakaribiana mwanga, kilichozitenga ni rangi peke yake, na rangi ndiyo iliyokatwa. Mstari wa pikseli moja hapo hauna pa kusimama.

Kwa TV nyingi za Samsung na LG, na yetu ilikuwa mojawapo ya zinazokubali, unaingia kwenye orodha ya viingilio unabadilisha jina la ile HDMI kuwa "PC". Naapa nilidhani ni urembo wa jina tu. Kumbe ndipo TV inapoacha kuichukulia kompyuta kama king'amuzi na inaacha kupunguza rangi. Ukishafanya hivyo nenda kwenye "Sharpness" uishushe. Ule ukali unaozungushia herufi mwanga mweupe si ukali, ni kope za bandia. Mipaka yangu ya milimita 0.26 ilirudi palepale, myembamba, myekundu. Nilikaa nikaitazama kwa hasira.

Ukiangalia vizuri, kasoro zote hizi zina baba mmoja. TV imetengenezwa kwa mtu aliyekaa kwenye kochi, mita mbili tatu, anatazama taarifa ya habari. Kila inachopokea inakiremba kwanza.

Hata FIFA ilikuwa inarembwa. Wiki mbili nzima mwenzangu wa kitanda cha juu alikuwa anafungwa na watu aliozoea kuwafundisha mpira, akasingizia padi. Kumbe ili TV ilainishe mwendo wa picha inabidi ishikilie picha kadhaa mkononi, itengeneze nyingine za katikati, ndipo ikuonyeshe. Mchezo unatoa picha 60 kwa sekunde, kila moja milisekunde kama 17. Ikishikilia sita tu umechelewa sehemu ya kumi ya sekunde, na mshambuliaji ameshapiga. Tulipima wenyewe. Tulichukua mpakato mzima wa jirani, tukafungua saa ya kuhesabu sekunde, tukaionyesha kwenye skrini zote mbili kwa pamoja, tukapiga picha kwa simu mara kumi. TV ilikuwa nyuma kwa milisekunde 110 hivi. Tukawasha "Game Mode", ikashuka hadi karibu 30. Jioni ile jamaa alishinda mechi tatu, na kelele zake zilifika ghorofa ya nne.

Kama bado hujanunua, usinunue kwa inchi, nunua kwa pikseli. Kama pesa ipo na meza ni pana, inchi 43 ya 4K ina pikseli kama 102 kwa inchi, hiyo ni monita kweli. Ila hakikisha HDMI ya kompyuta yako: toleo la 1.4 linasukuma 4K kwa picha 30 tu kwa sekunde, na mshale wa kipanya utauona unajikokota. Kwa dukani beba mpakato, fungua ukurasa wenye maandishi mekundu juu ya bluu, muuzaji akichoka mwache achoke. Yule wetu alituambia "hii ni full HD" huku akiifuta vumbi. Iliipokea full HD, hakusema inaionyesha kwa nini.

Nakala mpya za ramani zilinichukua wiki nzima, kwa sababu ilibidi nirudie mitindo ya mistari kwenye ramani zote saba, na pesa ya steshenari nilimkopa yuleyule wa FIFA. Nilikabidhi siku ya mwisho, saa tisa na nusu alasiri. Dokta aliziweka mezani, akachukua rula, akapima mstari mmoja wa mpaka. Akaandika tiki ndogo pembeni, akageuza ukurasa.

TV bado iko chumbani. Mimi nimeshamaliza, sehemu yangu nimemuuzia wa kitanda cha juu kwa elfu arobaini, tukakata na lile deni.